Msumari wa Chumba cha Mama Mkwe

3 Februari

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum kutoka kwa mtu mwenye furaha kuliko watu wote, na usicheke. Mgongo unaendeleaje? Lile jicho la kuchungulia saa bado linatoa machozi? Bado unakula umesimama kwa kuwa hakuna wa kukukaripia? Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi, hata naona aibu kukuambia.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu niolewe. Nahesabu kwa siku kwa sababu nikihesabu kwa wiki naona zinakuwa chache.

Mwenzangu huondoka saa tisa alfajiri kwenda tanurini na kurudi saa nne asubuhi, unga umemkaa kwenye kope. Ana ufunguo, lakini hautumii. Anabisha: "Hodi! Kuna mtu humu?" Nami najibu, "Yupo mmoja, lakini ameolewa!" Kila siku maneno yaleyale, Baba, na kila siku tunacheka kama wendawazimu. Kisha anatoa mfukoni mkate uliokosea umbo, ule ambao hauwezi kuuzwa. Ananichagulia ulioharibika kuliko yote, eti ndio wenye ganda tamu. Mimi niliyekuwa nachagua chakula kama mgonjwa, sasa nakula mkate mkavu nimesimama mlangoni na kuona nimepewa dunia.

Tunakaa ghorofa ya pili. Ngazi ishirini na mbili, ukumbi mwembamba, milango mitatu: chumba chetu, jiko, na chumba cha mama mkwe. Wakati wa posa mliambiwa hakuweza kusafiri kwa ajili ya macho, na ni kweli. Sasa anaona mwanga na giza tu. Lakini kuna jambo halikusemwa, na aliyelinyamazia si wao, ni mimi. Mwenzangu aliniambia mapema, nikamwomba aniachie nikuambie mwenyewe, halafu nikaogopa utasema hapana. Mama mkwe ni Mkristo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa Mwislamu wa swala tano, na waliishi pamoja hivyo miaka thelathini na minne.

Usikunje uso kwanza. Unajua ni nani anayeniamsha kuswali? Ni yeye! Unavyonijua mimi na usingizi. Adhana inapita juu yangu kama ndege. Sasa yeye huchukua fimbo yake na kugonga ukuta wetu mara tatu: "We bi harusi! Wenzako wanaitwa, wewe unakoroma?" Nikishatawadha, na yeye anageukia kwake. Ana msalaba wa mbao, mdogo kama kiganja, ukutani karibu na kitanda. Anaugusa kwa vidole, ananong'ona maneno yake, basi. Nyumba nzima inamtaja Mungu kabla ya chai. Si raha hiyo?

Utakuja lini? Uliahidi mwezi wa pili. Ni wewe tu niliye naye upande wetu, na nataka uione furaha yangu kwa jicho lako lile linalotoa machozi.

Binti yako,
Kengele


14 Februari

Mwanangu Kengele,

Waalaykum salaam. Mgongo upo, jicho lipo, na chakula nakula nikiwa nimekaa, usinisingizie. Barua yako nimeisoma mara tatu mteja akinisubiri, mpaka akaniuliza kama nimepatwa na msiba. Nikamwambia hapana, binti yangu anakula mikate mibovu.

Nimefurahi kwa furaha yako. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii kelele zake zilikuwa wewe. Sasa nasikia saa tu.

Lakini nisikilize. Ulinificha, na hilo tutaliongea uso kwa uso. Sina ugomvi na dini ya mtu mzima. Ila nyumba hiyo ni ya Mwislamu, na wewe ndiye mwenye nyumba sasa. Mimi asubuhi natengeneza saa, alasiri nasomesha watoto wa watu dini yao. Nitaingiaje, nitaswalije, kwenye nyumba ya binti yangu yenye msalaba ukutani? Watanielewaje wanaonisikiliza?

Uondoe. Usimgombeze, usimvunjie heshima, usimwambie neno. Ufunge kwenye kitambaa safi, uweke kabatini. Haoni. Hatajua. Ukishafanya hivyo niandikie, nami nitapanda gari siku hiyohiyo.

Baba yako


2 Machi

Baba,

Assalamu alaykum. Sisi ni wazima. Natumaini nawe mzima, maana nitakayoyaandika yanahitaji mgongo wenye nguvu.

Nilifanya ulivyosema. Jumanne, mama mkwe alipokuwa jikoni akichambua mboga kwa vidole, niliingia chumbani kwake nikautoa. Msumari ulilegea kidogo mkononi mwangu. Nikaufunga msalaba kwenye kitambaa cheupe, nikauweka kabatini kwetu chini ya mashuka. Nikajiambia nimemtii baba yangu.

Jumatano fimbo iligonga ukuta kama kawaida. Nilipokuwa napita ukumbini na maji ya kutawadha, mlango wake ulikuwa wazi. Amesimama mbele ya ukuta. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka ulipozoea kusimama, ukakuta msumari mtupu. Vidole vikauzunguka kama vya mtu anayetafuta kitasa. Nilidhani atapiga kelele. Baba, alishika ule msumari kwa vidole viwili, akanong'ona maneno yake yote mpaka mwisho, akageuka. "Bi harusi, umeamka? Haya, kaswali, usichelewe."

Alhamisi hivyohivyo. Ijumaa hivyohivyo. Nami niko kwenye mswala wangu, nasoma sura moja nachanganya na nyingine, kwa sababu mbele ya macho yangu naona vidole viwili na msumari.

Jumamosi nilishindwa. Nikautoa msalaba kabatini, nikaenda kupiga magoti mbele yake. "Mama, niliutoa mimi."

"Najua, mwanangu. Kabati lenu lina mlango unaolia. Na hatua zako nazijua."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenidanganya. Sikutaka uanze kunidanganya hata miezi miwili haijaisha."

Akanipapasa kichwani, akaniuliza kama chai ina sukari.

Mwenzangu alipobisha hodi siku ile sikuweza kujibu maneno yetu. Nilifungua nikamwambia yote. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na unga wake usoni, akasema, "Msumari ule alipigilia baba. Siku tuliyohamia hapa, kabla hajafungua hata sanduku lake. Akamwambia mama, simama hapa, nyoosha mkono. Unaufikia? Basi hapohapo." Akaelekeza kidole chumba chetu. "Halafu akaenda chumba kile akatandika mswala wake."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alinifuta machozi kwa kiganja, akanipaka unga uso mzima, tukabaki tunatazamana kama mikate miwili mibichi. Nampenda mume wangu, Baba.

Nimeazima nyundo kwa fundi wa ghorofa ya chini. Nimeukaza msumari kwa mkono wangu, na msalaba umerudi mahali pake. Sitautoa tena. Chumba kile ni chake, na kilichomo ukutani ni haki yake. Kama huwezi kuingia, njoo hivyohivyo. Nitakuwekea kiti ukumbini nje ya mlango, nitakuletea chai hapo, nami nitakaa sakafuni miguuni pako tuongee mpaka uchoke. Lakini msumari hauondoki.

Binti yako,
Kengele


13 Machi

Binti yangu,

Waalaykum salaam.

Muuza viatu na mitandio wa mtaa wetu alisafiri huko wiki iliyopita. Amerudi, na badala ya kuja kwangu kunisalimia ameanzia barazani msikitini. Anasema amekuona Jumapili asubuhi kwenye ngazi za kanisa, umejitanda mtandio wako wa kijani. Nilimwambia ni muongo. Akasema, "Mwalimu, mtandio ule nilimuuzia mwanao mimi mwenyewe."

Nilisimama mbele ya watoto arobaini jana na sikujua niwasomeshe nini.

Kwanza msalaba, sasa kanisa. Kesho nini? Sikukulea miaka kumi na minane ili uyeyuke kama sukari kwenye nyumba ya watu. Mapenzi yamekupofusha. Mumeo ana mikono, ana miguu. Ampeleke mama yake yeye mwenyewe.

Nakuambia kwa mara ya mwisho. Uondoe msalaba, usikanyage tena ngazi zile. Mpaka utakapofanya hivyo, usiniandikie. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako sitaifungua.

Baba yako


20 Machi

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mgongo unaendeleaje? Jicho je? Mimi ni mzima, nimekasirika, na naandika. Umenikataza kuandika. Nakataa katazo hilo. Kutofungua bahasha ni haki yako, kuandika ni haki yangu.

Muuza viatu hakusema uongo. Ni mimi, na mtandio ni uleule. Jumapili mwenzangu anakuwa ametoka tanurini, amesimama mbele ya moto tangu saa tisa, miguu imevimba. Mama anataka kwenda kwenye ibada yake. Kuna barabara mbili za kuvuka, na pikipiki za huku hazina adabu. Unataka aende na nani? Namshika mkono, namfikisha ngazi ya tatu, anapokewa na mwanamke wa kwaya, narudi zangu nyumbani kupika. Sijaingia ndani. Sijaitwa ndani. Sijapungukiwa na swala hata moja. Tena zimezidi, kwa sababu kule kwako alfajiri zangu nyingi nilikuwa nazilipa mchana, nawe unajua.

Maneno ya watu nayasikia pia. Mwenye duka la nguo hapa chini aliniuliza mbele ya wenzake, "Bi harusi, ubatizo lini?" Nikamwambia, "Siku na wewe ukishindwa kuvuka barabara nitakushika mkono, tuone kama watasema nimehamia kwenye umbea." Walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Tangu hapo ananipunguzia bei.

Unasema mapenzi yamenipofusha. Hapana, Baba. Aliyenifundisha haya ni wewe. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa mkeka wa mbele, uliposema dini haiingizwi kwa mtu kwa nguvu. Nilikuwa na miaka kumi uliposema mtoto ambaye wazazi wake hawako kwenye dini yake bado ameamriwa kukaa nao kwa wema. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Wema kiasi gani?" Ukajibu, "Mpaka wao wenyewe waone." Mama mkwe haoni. Kwa hiyo wema wangu inabidi aushike kwa vidole.

Na dini iliyomruhusu baba mkwe kumwoa mwanamke huyu kama alivyo, ilimruhusu na yeye mama kuingia kwenye nyumba ile na sala zake. Au aliingia ndani akaacha moyo wake nje kwenye ngazi, kama viatu?

Halafu kuna saa ya mchungaji. Umeisahau? Mimi sijaisahau. Saa ya mfukoni, ya fedha, mfuniko umebonyea. Aliileta itengenezwe, akaugua, akahamishwa, hakurudi. Uliiweka kwenye droo ya amana miaka sita. Kila Ijumaa baada ya swala ulikuwa unaitia ufunguo ili isife. Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipokuja yule mnunuzi mwenye miwani akitaka umuuzie. Alikwambia, "Mwenyewe amekwenda zake. Tena si mtu wa dini yenu. Hatajua." Nawe ukasema, "Anajua Mungu wangu," ukafunga droo kwa nguvu hadi saa zote ukutani zikatikisika. Mchungaji alirudi mwaka wa saba, mzee, ana mkongojo. Saa yake ilikuwa inatembea.

Sasa tazama barua yako ya Februari. Uliniandikia nini kuhusu mama mkwe? "Haoni. Hatajua." Neno lilelile la mnunuzi mwenye miwani, kwa mwandiko wa baba yangu.

Kile chumba ni droo yangu ya amana. Nimeifunga. Ukitaka kung'aka ng'aka, ng'aka; ukitaka kunikana nikane. Msumari uko ukutani, na mimi niko mlangoni.

Binti yako, upende usipende,
Kengele


9 Mei

Baba,

Assalamu alaykum. Mgongo? Jicho? Hujajibu, na wiki saba zimepita. Nimemwuliza karani wa posta kama bahasha zinapotea, akaniambia, "Dada, barua hazipotei, watu ndio wanapotea." Sikumpenda.

Hapa hatujambo. Mwenzangu amepandishwa, sasa ndiye anayekanda unga wa asubuhi. Amejifunza kusuka mkate kama nywele, na wa kwanza ameusuka kwa mtindo wangu niliovaa siku ya harusi. Nimekataa kuula. Umekauka, umekuwa kama ubao, na bado nauangalia.

Kiti chako kiko ukumbini. Kila asubuhi nakifuta vumbi. Majirani wanauliza ni cha nani, nasema ni cha mtu mbishi anayekuja.

Kengele


25 Juni

Baba,

Assalamu alaykum. Leo nina fupi tu, kwa sababu nikiandika ndefu nitalia, na nimejiapiza kutokulia kwenye karatasi.

Mama mkwe ananitia wasiwasi. Hata mwanga sasa haupati vizuri, na asubuhi hajui tena kama kumekucha. Anaogopa atachelewa kunigongea. Juzi aligonga saa nane za usiku. Jana alikaa macho muda wote ameshika fimbo, akiogopa kulala, ili swala yangu isipite. Nimemwambia, "Mama, lala, nitaamka mwenyewe." Akasema, "Wewe? Wewe huamki hata nyumba ikiungua. Na mwanangu alikukabidhi kwangu." Tumenunua saa ya ukutani, lakini inamsaidia nini? Ina kioo. Anapapasa kioo tu, wakati unapita ndani yake, hawezi kuufikia.

Nilitaka kukuuliza kama kuna dawa ya hilo, wewe fundi. Halafu nikakumbuka hufungui bahasha.

Kiti bado kipo. Msumari bado upo.

Kengele


11 Julai

Mwanangu Kengele,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mgongo mbaya, jicho baya zaidi, na ni kweli nakula nimesimama.

Bahasha zako nilizifungua zote. Ya kwanza niliiacha mezani mpaka chai ikapoa, basi. Nilitaka kukujibu kwa hasira ileile. Kila nikishika kalamu naona lile neno langu kwa mwandiko wangu, naiweka chini. Miezi mitatu na zaidi. Mtu aliyesomesha watu haki za jirani miaka ishirini na saba, akashindwa na neno moja.

Usidhani umenigeuza. Dini yangu sijaipunguza hata punje, na ubishi wako nitaujibu mmoja mmoja tukikutana. La kanisa bado sijalipenda. Lakini muuza viatu alipoanza tena barazani, nilimwuliza mbele za watu, "Mama yako akipofuka utamwachia nani barabarani?" Akasema anaondoka, ana wateja. Hapakuwa na mteja yeyote.

Mchungaji yule, siku aliyokuja kuchukua saa yake, hukumwona alivyoiweka sikioni. Ulikuwa shuleni. Alisimama dukani akiisikiliza, akasema, "Kumbe mlikuwa mnaniombea." Nikamwambia nilikuwa natia ufunguo tu. Nimekumbuka hilo nikiwa peke yangu na barua yako ya Juni.

Huyu dereva wa basi, aliyekupa barua hii, amekuletea na sanduku. Lishike kwa mikono miwili. Ndani kuna saa ya ukutani, mashine ya zamani, haitadanganya. Nimeondoa kioo. Mishale nimeibadilisha, nimeweka minene isiyopinda ikiguswa. Kwenye kila namba nimelehemu kinundu kimoja, na pale juu kabisa viwili, ili ajue pa kuanzia. Ya kwanza niliiharibu, hii ni ya pili. Nimeijaribu mwenyewe nimefumba macho dukani siku nne, mpaka wateja wakaniamsha wakidhani nimelala. Itiwe ufunguo kila Ijumaa.

Msomee mama mkwe wako maneno haya polepole: Mimi baba wa huyu msichana nilimwagiza aguse ukuta wako bila idhini yako, nikasema hutajua. Nimekukosea. Naomba unisamehe kabla sijafika, ili nikifika nisisimame kwenye ukumbi kama mdaiwa. Na ahsante kwa kumwamsha. Mimi miaka kumi na minane nilikuwa namnyunyizia maji.

Saa hii ipigilie wewe mwenyewe, ukutani kwake, kando ya ule msumari mwingine. Kwanza mwambie asimame, anyooshe mkono, na uulize kama anafikia.

Nakuja Alhamisi. Kiti kile kiingize ndani.

Baba yako